Naomba ushauri: binti yangu ana uoni hafifu, shule inataka nimhamishe

MamaZuhura
Habari zenu wakuu. Binti yangu yuko darasa la tano, shule ya msingi ya serikali huku Morogoro. Ana ualbino na uoni hafifu. Akili anayo: ukimsomea swali la hesabu, anakujibu hujamaliza. Shida ni ubao. Hata akikaa dawati la mbele haoni, inabidi asubiri mwenzake amalize kunakili ndipo aazime daftari. Siku mwenzake akiwahi kuondoka, anarudi nyumbani na tarehe na kichwa cha somo tu.

Mwaka jana kwenye upimaji wa darasa la nne alipewa karatasi ileile ya wenzake, muda uleule. Alifika nusu. Nilipokwenda kuuliza, mwalimu mkuu aliniambia, tena kwa upole, nimtafutie shule ya bweni ya wasioona. Lakini mwanangu anaona! Anasoma kitabu akikisogeza karibu na pua. Na mtoto mwenye ualbino kulala mbali na nyumbani, wazazi wenzangu mnajua hofu yake. Je, wana haki ya kumkataa? Na mtihani wa kumaliza shule ya msingi itakuwaje?

Mwl_Kitengo
Pole mama. Nafundisha kitengo cha wasioona na uoni hafifu, nianze na mtihani maana ndio unaoumiza watoto wengi kimyakimya. NECTA (Baraza la Mitihani) wanatoa karatasi yenye maandishi yaliyokuzwa kwa mtahiniwa mwenye uoni hafifu. Muda pia unaongezwa: Hisabati dakika 20 kwa kila saa, masomo mengine dakika 10 kwa kila saa. Karatasi ya Hisabati ya saa mbili inapata dakika 40 zaidi.

Sasa sikiliza hapa. Shule ndiyo inayomsajili mtahiniwa, na hali yake iandikwe wakati huohuo wa usajili. Akisajiliwa kama wengine, siku ya mtihani msimamizi hana karatasi nyingine ya kumpa. Kwa hiyo usisubiri mwaka wa mtihani. Mpeleke kliniki ya macho apimwe, kwa Morogoro hospitali ya CCBRT pale Dar si mbali, upate ripoti ya maandishi inayosema kiwango chake cha kuona.

Kisima_cha_Bibi
Dada yangu, mimi nina mawazo tofauti. Darasa lina watoto themanini, mwalimu mmoja, chaki zenyewe za kugawana. Unadhani nani atamkumbuka wako? Shule maalumu zina vifaa na walimu waliosomea. Sheria nzuri haimfundishi mtoto.

Mwl_Kitengo
@Kisima_cha_Bibi hoja yako ina uzito, naishi nayo kila siku. Ila mengi anayohitaji huyu mtoto hayana gharama. Mwalimu atamke anachoandika ubaoni. Mtoto akae mahali ambapo mwanga wa dirisha haumpigi usoni, na aruhusiwe kuinuka kusogelea ubao bila kuomba ruhusa kila mara. Apewe notsi za mwalimu azinakili kwa nafasi. Na tafadhali, mtoto anayesoma maandishi makubwa asilazimishwe nukta nundu (maandishi ya wasioona ya kusoma kwa vidole) kwa sababu tu ndiyo iliyopo.

Wakili_Mtaani
Kuhusu haki: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010, kifungu cha 27. Mtoto mwenye ulemavu ana haki sawa na wengine ya kuandikishwa shule ya umma au binafsi, na anatakiwa asome shule ya kawaida isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Pia apatiwe huduma za usaidizi kulingana na ulemavu wake. Kwa hiyo mwalimu mkuu anaweza kushauri, lakini kumwondoa kwa sababu ya macho yake hawezi.

Andika barua fupi, ambatanisha ripoti ya daktari, taja unachoomba kimoja kimoja.

Kofia_Pana
Mimi nina ualbino, nimesoma shule ya kawaida mpaka chuo. Mama, kwenye barua ongeza jua. Sare iwe ya mikono mirefu, avae kofia pana hata mstarini, na asisimamishwe juani wakati wa paredi wala michezo. Nilikuwa navuliwa kofia kwa kuambiwa si sare, jioni midomo imepasuka na ngozi inawaka, na kesho yake unatakiwa ufanye jaribio. Huko kliniki uulizie pia darubini ndogo ya kushika mkononi. Mimi ndiyo iliyonisomesha ubao kidato cha kwanza hadi cha sita.

MamaZuhura
Asanteni sana, nimepata nguvu. Wakili, barua nimpe mwalimu mkuu peke yake? Na akikaa nayo?

Wakili_Mtaani
Mpe yeye, nakala kwa afisa elimu kata na afisa elimu maalumu wa halmashauri. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Kimya kikizidi, nenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, na afisa ustawi wa jamii naye ajue. Ikishindikana kabisa, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko ya namna hii, na hapo muhuri ule ndio ushahidi wako wa kwanza.

Mwl_Kitengo
Na usajili ukianza, mwombe mwalimu wa taaluma akuonyeshe jina la mtoto limeandikwaje kabla hawajatuma.