Kuuza, kugawa au kukodi stoo: nipunguzeje vitu kabla ya kuhamia chumba kimoja?

Chumba_Kimoja (mwanzisha mada)
Wakuu, habari zenu. Baada ya wiki nane natoka kwenye nyumba ya vyumba vitatu, nahamia chumba kimoja chenye jiko dogo. Hakuna aliyenifukuza. Nimechoka kufanya kazi ili nilipie nafasi ya kuweka vitu nisivyovigusa.

Naona njia tatu. Kuuza, hata kama nitapata kidogo. Kugawa bure kwa ndugu, majirani na vituo vinavyopokea. Au kukodi stoo, nifungie kila kitu humo, niamue baadaye nikiwa nimetulia. Hiyo ya tatu ndiyo inayonivuta, na ndiyo inayonitia wasiwasi. Mliopitia haya naomba msaada, hasa kuhusu cherehani ya marehemu mama. Ni ya kukanyaga kwa miguu, ya chuma, watu wawili hawaibebi bila kupumzika njiani. Mimi sishoni.

Ufunguo
Mkuu, stoo usiikimbilie. Mimi nilikodi kwa miezi mitatu, ikawa miaka minne. Kila mwezi nalipa, kila mwezi najiambia mwezi ujao nakwenda kuchambua. Siku nilipofungua, godoro lilikuwa na ukungu, makoti ya sufu yametobolewa na nondo, na boksi nililoliandika MUHIMU kwa wino mwekundu lilikuwa limejaa chaja za simu nilizokwisha kuziacha zamani. Stoo inafaa kama una tarehe ya kurudi: umepelekwa kikazi mwaka mmoja, au nyumba inakarabatiwa. Wewe unahama moja kwa moja. Utakuwa unalipia nyumba mbili, moja yako na moja ya vitu.

Daftari
Naungana na Ufunguo. Kuhusu kuuza: uza vichache, vikubwa. Friji, kitanda, kompyuta, meza. Nilipohama mimi niliuza mpaka bakuli mojamoja, na wiki sita nzima zikaishia kwenye simu nikijibu "bado ipo?" na "mwisho ngapi?". Ule muda ulikuwa na thamani kuliko yale mabakuli.

Halafu jiandae, bei utakazotajiwa zitakuuma. Mwaka 1990 watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ambamo baadhi ya wanafunzi walipewa vikombe, kisha wakaulizwa wangeviuza kwa bei gani. Walitaka takriban mara mbili ya kile wenzao wasio na vikombe walichokuwa tayari kutoa. Vikombe vyenyewe walikuwa wamevipata muda mfupi tu uliopita! Sasa wewe kabati umeishi nalo miaka. Mwombe mtu asiyelijua akutajie bei, uifuate.

Simu na kompyuta: hamisha picha, toka kwenye akaunti zote, futa mpaka irudi kama ilivyotoka kiwandani, toa laini na kadi ya kumbukumbu. Betri iliyovimba usiichanganye na taka za kawaida. Betri za lithiamu zikibanwa au kutobolewa zinaweza kuwaka.

Mama_Wawili
Mimi napenda kugawa kuliko kuuza, ila kugawa nako kuna adabu yake. Sufuria iliyong'oka mpini si zawadi. Magunia yaliyorundikwa mlangoni kwa watu si msaada, ni kuwahamishia wao kazi ya kuchambua uliyoikimbia wewe. Mimi nilimpigia kila mtu nikamwambia hivi: "Nina meza ndogo ya kusomea, unaihitaji? Ukisema hapana sitakasirika." Nusu walisema hapana, na nilishukuru, maana waliosema ndiyo wanavitumia mpaka leo.

Jambo jingine, na hili linaniuma bado. Nilimgawa mwanasesere wa binti yangu nikidhani ameshamsahau. Alimtafuta wiki nzima, chini ya kitanda, nyuma ya mlango, mpaka nikamwambia ukweli. Ndugu yangu, kitu kisicho chako usikiamulie, hata kama kiko kwenye nyumba yako.

Tano_Tatu
Stoo ina njia ya kati. Vile unavyositasita viweke kwenye maboksi, yafunge, andika tarehe juu, mwombe ndugu akutunzie miezi sita. Usichokifuata ndani ya muda huo, yeye akitoe bila kukuuliza.

Ufunguo
@Tano_Tatu sawa, ila yasizidi maboksi mawili, na huyo ndugu awe na moyo wa kutoa kweli.

Mkono_wa_Baba
Wengi hapa wanalinganisha njia, mimi nataka kusema kuhusu mpangilio. Niliimaliza nyumba ya wazazi kwa siku mbili, bila kupumzika, na nilijisifu. Pamoja na karatasi nyingine nilitupa daftari la baba. Lilikuwa na hesabu tu: mbao, misumari, nani anadaiwa. Lakini ulikuwa mwandiko wake, ile "g" yenye mkia mrefu unaoshuka mpaka mstari wa pili. Nina picha ya ukurasa mmoja. Naifungua mara nyingi.

Kwa hiyo anza na jikoni na nguo, mkono uzoee kuamua. Barua, picha na vitu vya marehemu viwe vya mwisho kabisa, na siku hiyo usiwe umechoka. Vyeti vya kuzaliwa, vya shule, vya ndoa na hati za mali usivitupe kwa sababu umeviskani, mara nyingi utaombwa karatasi yenyewe. Na nakala zake ziwe mahali pawili tofauti.

Cherehani usiiuze. Mtafute anayeshona.

Daftari
Nimesahau moja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msanii Michael Landy aliorodhesha kila alichomiliki, vitu 7,227, kisha mwaka 2001 akaviharibu vyote hadharani mjini London kwa wiki mbili. Kuharibu usiige, orodha iige. Hesabu droo moja tu usiku wa leo, utuambie.

Chumba_Kimoja
Nimerudi, wiki ya tano sasa. Droo ya jikoni ilikuwa na vitu 83, vifungua chupa vinne. Baada ya hapo sikuhitaji kushawishiwa tena. Nimeuza vitu saba, vingine nimegawa kwa sentensi ya Mama_Wawili, neno kwa neno. Stoo nimeachana nayo. Boksi moja tu liko kwa dada yangu, lina tarehe.

Cherehani nilimpa binti wa jirani anayejifunza ushonaji. Nilipoisafisha nilikuta kwenye droo yake kastabini ya mama na bobini yenye uzi wa bluu. Hivyo nimebaki navyo, vinaingia kwenye kiganja. Binti alikuja jana kuijaribu. Kanyagio lilipiga kelele, tukatia mafuta, akakanyaga tena, akashona mstari mmoja mrefu kwenye kipande cha shuka, umenyooka. Nilikuwa sijausikia mlio huo tangu mama alipougua.

Kesho asubuhi wanakuja watu wanne kuibeba.