Unene wa watu wetu ni chakula tu, au na rangi za maboti zimo?

Dada wa Langoni:
Jamani tangu jana mwasema kina mama wa Lamu wananenepa sababu ya wali wa nazi, mahamri na kukaa, basi. Mimi hiyo "basi" siikubali. Chakula kimo, sikatai, lakini ndani ya seli ya mafuta kuna vipokezi, homoni ikija inashika pale ndo seli inajua ifanye nini, sasa kuna kemikali zinashika palepale na wala si homoni. Mfano tributilitini, sumu iliyokuwa ikitiwa kwenye rangi za chini ya maboti ili viumbe vya bahari visigande. Hiyo yashika kipokezi cha PPAR gama na mwenzake RXR, na hawa wawili ndo wanaoamrisha seli changa iwe seli ya mafuta. Mwaka 2006 maabara ya Bruce Blumberg kule California ilionyesha panya walioipata wakiwa bado tumboni mwa mama wanazaliwa na mafuta zaidi. Tumboni! Hapo uvivu ni wa nani?

Fundi wa Matondoni:
Mwanangu, panya si binadamu. Na jahazi zetu wazee walipaka deheni, chokaa na shahamu, na hiyo rangi unoisema imepigwa marufuku dunia nzima. Msiwape watu kisingizio wakaacha kutembea.

Dada wa Langoni:
Shikamoo mzee wangu. La panya ni kweli, kwa binadamu ushahidi wa tributilitini bado mchache. Lakini kuna dawa ya kisukari, rosiglitazoni, inashika kipokezi hikohiko cha PPAR gama, na unene ni moja ya madhara yake yanayojulikana, na hao wanaoimeza ni watu. Kwa hivyo mlango upo hata kwetu, kilichobaki ni kujua sumu kiasi gani inapita. Marufuku nayo ipo, mkataba wa 2001 ulioanza kazi 2008, ila hii kitu ikizama kwenye matope inakaa miaka na miaka, na siku hizi maboti ya faiba ni mengi, kopo la rangi likiletwa nani analipima? Vijana wanakwangua rangi kuukuu ufuoni bila barakoa, vumbi laingia maji hayohayo tunayookota chaza. Mimi nataka kaunti ipime matope ya hapo gatini na pale maboti yanapokwanguliwa, na majibu yabandikwe watu wayasome. Wewe fundi unayezijua rangi, utasimama nasi kulidai hilo?