Ugoko unauma tangu nianze kukimbia Goma

Wapendwa, nina miaka 43, naishi Himbi. Kwa wiki 3 nakimbia kila asubuhi, kilomita 6, hadi kwenye mawe ya lava ya volkano Nyiragongo iliyolipuka 2002. Sasa ugoko wa kushoto unauma. Nikibonyeza kwa kidole, ni sehemu moja tu, ndogo kama kifungo cha shati. Jana nimechechemea hadi sokoni. Niendelee polepole?

— Hapana yaya, simama kabisa. Uchungu ulioenea kando ya mfupa mara nyingi ni msuli na utando wake kuchoka. Ukiwa sehemu moja hivyo, mfupa unaweza kuwa na ufa. Nenda kwa daktari wiki hii. Mimi nilikaza meno mwezi mzima, nikaishia na magongo.

— Pole sana mama. Ukipona, anza kwa kutembea, siku 3 kwa wiki, kwenye udongo laini. Tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, pumzi inaisha haraka: ukishindwa kutamka sentensi nzima, punguza. Kifua kikibana, acha palepale.

— Asanteni. Kesho naenda kupigwa picha.