Tupeane uzoefu: wasichana wa Nyanda za Juu Kusini tuliokatishwa masomo, nani alikushika mkono ukarudi?

Binti wa Makambako
Kamwene ndugu zangu wa Iringa, Njombe, Mbeya na kote huku kwetu kwenye baridi. Jumanne iliyopita nilikuwa stendi ya Makambako nikisubiri basi la Songea, nikamwona mama mmoja akiwapandisha wasichana wawili kwenye basi la Dar es Salaam, kila mmoja na kifurushi chake kilichofungwa kwa kanga, na mdogo wao alikuwa bado amevaa sweta la shule. Nilishindwa kuondoa macho, kwa sababu mwaka 2003, baada ya kumaliza darasa la saba, nami nilipandishwa basi kama hilo kwa ahadi ya kufundishwa ushonaji, nikalea watoto wa watu kwa miaka miwili bila kukalia cherehani hata siku moja. Naomba tuelezane: nini kilikatisha masomo yako au ya dada yako, na nani alikurudisha?

Mwana Mufindi
Hata mimi, isipokuwa langu lilikuwa basi la Morogoro.

Dada wa Uyole
Mimi sikuacha shule, ila kila mwezi nilikosa siku nne. Tulitumia vitambaa, na wanaoujua mwezi wa sita na wa saba wa huku wanajua kwamba nguo haikauki. Tulivianika juu ya moto jikoni, vikanuka moshi, na darasani nilikaa nyuma kabisa ili nisinukiwe. Mwaka 2018 kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa kwenye taulo za kike, tukafurahi, mwaka uliofuata ikarudishwa kwa maelezo kwamba bei dukani haikuwa imeshuka. Hesabu yangu ni hiyo ya siku nne, mara miezi ya masomo, mara miaka minne ya sekondari.

Mama Wawili, Mbalizi
Nimesoma nikiwa nimesimama jikoni, nikalazimika kukaa. Haya sijawahi kuyaandika popote.

Mwaka 2010 nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya kata huko Rungwe. Kutoka nyumbani ilikuwa mwendo wa saa mbili na nusu, mvua za kwetu mnazijua, kwa hiyo wazazi watatu walichangishana wakatupangia chumba karibu na shule, vile vyumba tunavyoviita geto. Jumapili tulipanda na unga, maharage na ndizi mbichi. Ikifika Jumatano jioni hakuna kitu. Kijana aliyenipa ujauzito hakuniteka wala hakunitisha. Alianza kwa kutununulia mafuta ya taa ili tusome usiku, kisha akaleta mchele, na mimi niliyekuwa na miaka kumi na sita nikaona huo ndio wema.

Baada ya likizo tuliitwa wasichana wote wa kidato cha tatu na cha nne, tukapangwa mstari, tukatembezwa kwenda zahanati kupimwa, na njiani wachuuzi walitutazama wakijua tunakopelekwa. Majibu hayakutolewa faraghani. Jina langu lilisomwa mbele ya wenzangu, nikaambiwa nikae pembeni, na rafiki yangu niliyekuwa nikilala naye godoro moja akageuza uso. Kesho yake mama aliitwa, akapewa barua, akabeba sanduku nami nikabeba godoro kichwani, tukashuka mlima bila kusemezana. Hadi leo nikiona mtu amebeba godoro lililokunjwa, tumbo linanishika.

Baba hakunisemesha kwa miezi miwili. Aliyevunja ukimya ni bibi, mama yake baba, ambaye hajui kusoma hata jina lake. Alikuja na kigoda chake, akakaa mlangoni, akamwambia mwanawe: “Mtoto akizaliwa ni wangu. Huyu nirudishieni kwenye daftari.” Binti yangu alipofikisha miaka miwili nilimwachia bibi, nikaja mjini, asubuhi nauza ndizi Mwanjelwa na jioni naenda madarasa ya watu wazima. Nilifanya mtihani wa maarifa, ule unaomfungulia aliye nje ya shule njia ya kufanya mtihani wa kidato cha nne, mwaka uliofuata nikafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na leo ninafanya kazi ya maendeleo ya jamii. Binti yangu huyo yuko kidato cha kwanza. Siku aliyochanjwa shuleni chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, alirudi akinionyesha mkono kwa majivuno, nikalia, naye hakuelewa kwa nini mama analia kwa sababu ya sindano.

Mwana Mufindi
Pole, dada. Nimelisoma mara mbili.

Mzazi wa Kyela
Pole sana mama, na hongera. Lakini niseme kama mzazi mwenye mabinti wanne: kuwarudisha shuleni waliojifungua kunawaonyesha wenzao kwamba jambo hilo halina gharama. Zamani palikuwa na nidhamu.

Mwalimu wa Ileje
Shikamoo mzee wangu, ila kwa hili sitakubaliana nawe. Nimefundisha miaka kumi na tisa, na wasichana tuliowafukuza hawakuwazuia waliofuata. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016 ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi ujauzito, lakini kesi zinakufa kwa sababu familia zinamalizana nyumbani, baba anapokea ng'ombe, na shahidi mwenyewe anahamishiwa kwa shangazi. Tangu serikali ilipotangaza Novemba 2021 kwamba waliojifungua waruhusiwe kurudi, shuleni kwangu wamerudi wawili. Mmoja amefaulu. Wa pili aliacha tena baada ya muhula mmoja, akiwa na alama nzuri kuliko huyo wa kwanza, kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kumshika mtoto.

Mzazi wa Kyela
Marahaba mwalimu. Basi aolewe, mtoto apate baba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu msichana wa miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi.

Mwalimu wa Ileje
Vifungu hivyo Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2019. Tafadhali usimwozeshe mtoto kwa sheria iliyokwisha kukataliwa mahakamani.

Baba wa Njombe
Naomba na sisi akina baba tusikilizwe, kwa sababu kosa hili nimelifanya mimi. Ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa 20,000 kwa mwaka, viazi vilikuwa vimeoza shambani, nami nikamchagua wa kiume. Binti alikuwa na alama za juu kuliko kaka yake. Tangu mwaka 2016 ada hiyo imefutwa, ingawa sare na michango ya chakula bado ni mzigo, lakini kwake ilikuwa imechelewa. Mwaka jana nimeuza ekari moja ya mipaini, nikampeleka chuo cha ufundi akiwa na miaka ishirini na saba. Nilimwomba radhi. Alinijibu kwa heshima, lakini sijui kama amenisamehe.

Dada wa Uyole
Ushauri wangu: binti asipangiwe geto, apelekwe bweni.

Mwana Ludewa
Bweni tutalilipa na nini? Afadhali akae kwa shangazi aliye karibu na shule.

Binti wa Makambako
Mimi shangazi ndiye aliyenipandisha basi. Mashangazi wa humu msinune, ila mzazi mpigie simu mwalimu, usimpigie shangazi peke yake.

Mwana Mufindi
Mama Wawili, shikamoo. Naomba kuuliza jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu jana. Nina miaka thelathini na moja, watoto watatu, nachuma chai. Huo mtihani wa maarifa wananipokea? Usajili ni lini?

Mama Wawili, Mbalizi
Marahaba mdogo wangu. Wanakupokea. Usajili hufanyika mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo usisubiri. Ulizia madarasa ya elimu ya watu wazima yaliyo karibu nawe, na utafute kumbukumbu zako za darasa la saba. Huyo mdogo ana umri gani, na jioni nani anaweza kumshika?

Mwana Mufindi
Ana mwaka na nusu. Mama mkwe yupo. Nitamwambia leo usiku.