Je, ni haki Uganda itumie fedha za umma kwa ugonjwa wa watoto wawili au watatu?

MLETA MADA: Ndugu zangu, hapa Bombo mwalimu mwenzangu ameshikilia kwamba serikali isitoe hata shilingi moja kwa ajili ya projeria, ugonjwa unaozeesha watoto kabla ya wakati, ilhali wodi zetu zimejaa wagonjwa wa selimundu. Hoja yake ina uzito, lakini siikubali.

Projeria husababishwa na hitilafu ndogo katika jeni iitwayo LMNA, iliyogunduliwa mwaka 2003, ambayo huufanya mwili utengeneze protini mbovu inayodhoofisha ukuta wa kiini cha seli. Kwa kawaida hairithiwi. Huzuka yenyewe, na wazazi hawana kosa lolote. Mtoto huzaliwa akionekana mzima, kisha kabla ya kutimiza miaka miwili ukuaji hudumaa, nywele humtoka, ngozi hukaza na viungo hukakamaa. Akili haiguswi, kwa hiyo majirani wanaponong'ona kwamba amerogwa au kumwita mzee, yeye husikia na kuelewa. Bila dawa, wastani wa umri wake ni miaka 14 na nusu hivi, na kinachomuua kwa kawaida ni moyo au kiharusi.

Ugonjwa huu hukadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya milioni 20 hivi. Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu wapatao milioni 46 nchini, basi tunazungumzia labda watoto wawili au watatu. Hapo ndipo mwalimu anaponishangaza: uchache anaoutumia kuwanyima haki ndio huohuo unaoifanya gharama yao iwe ndogo.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Mwalimu, gharama si ndogo. Dawa ya lonafarnib, iliyoidhinishwa Marekani mwezi Novemba 2020, ni ghali kupita kiasi, nayo huongeza miaka miwili na nusu tu kwa wastani. Wakati huohuo, maelfu ya watoto huzaliwa na selimundu kila mwaka hapa Uganda, na haidroksiyurea, dawa inayopunguza maumivu yao, haipatikani katika kila kituo cha afya. Isitoshe, magonjwa adimu ni maelfu. Ukimfungulia mmoja mlango, wa pili utamfukuza kwa hoja gani?

MLETA MADA: Kuhusu lonafarnib nakubaliana nawe, wala sikuomba inunuliwe kwa bajeti yetu. (Hilo neno "tu", hata hivyo, sidhani ungemwambia mzazi ana kwa ana.) Ninachodai ni kipimo cha jeni kilipiwe, hata kama sampuli itapelekwa nje, kisha mtoto achunguzwe moyo mara kwa mara na daktari aamue kama anafaa kupewa aspirini ya kiwango kidogo, ambayo bei yake kila mmoja wetu anaijua. Bila jina la ugonjwa, familia humaliza akiba kwa waganga, na hata dawa hiyo ghali, ikitolewa siku moja na wafadhili, haiwezi kumfikia mtoto ambaye hajathibitishwa.

Kuhusu mlango, nauacha wazi kwa makusudi. Kipimo kilipiwe kwa kila mtoto ambaye daktari wa watoto ameshindwa kuutambua ugonjwa wake, uwe projeria au mwingine. Anayepinga hata hilo aseme ni fungu gani la selimundu litakalopungua, na kwa kiasi gani.