Nimerudi Nairobi baada ya miaka 22, mbona ni kama mimi ni mgeni?

Tangi_Tupu (mwenye uzi): Hamjambo wenzangu. Niliondoka 2003, waziri Michuki akiwa bado hajatufunga mikanda kwenye matatu, nikaenda Uingereza kufanya uuguzi. Hii ni wiki ya kumi tangu nirudi. Niko Kahawa Sukari, kwenye nyumba niliyoijenga pole pole. Maji huja siku yakipenda, lakini hilo nililijua.

Kinachonisumbua ni watu. Nilipokuwa nikija wiki tatu za Desemba, kuku walichinjwa na simu haikupoa. Sasa nimekuja kukaa, simu imenyamaza. Ikilia ni karo, au nimetiwa kwenye kikundi cha matanga bila kuulizwa, na mbele ya jina langu washaandika elfu ishirini. Mshahara nao uliisha nilipopanda ndege! Sokoni Githurai nikifungua mdomo tu nyanya zinapanda bei.

Siri ambayo hata dadangu haijui: chumba changu cha Leicester bado nakilipia kodi. Mwezi uliopita niliapa ni wa mwisho, mwezi huu nikalipa tena. Nirudi ama nikaze?

Kijana_wa_Roysambu: Anti, hicho chumba ni cha mtu mmoja ama wawili? Pasipoti ninayo.

Mama_Pendo_K: Puuza huyo. Dadangu, mimi nilirudi kutoka Minnesota 2016, nikalia karibu mwaka mzima. Hakuna aliyekuchukia. Mgeni wa Desemba huandaliwa, lakini jirani hapigiwi simu, hugongewa mlango akaombwa chumvi. Wewe umeshagonga mlango wa nani?

Kilichoniokoa ni chama. Wanawake 14 wa mtaa wetu, elfu mbili kila mwezi. Siku ya kwanza nikatoa tano, mweka hazina akanirudishia tatu mbele ya wote: "Hapa hakuna wa majuu." Niliona aibu! Usiku nikawa nacheka peke yangu kitandani.

Michango nayo, amua kiasi chako na utoe hicho hicho kila matanga. Mara ya kwanza watanuna, mara ya tatu watazoea. Na uende mwenyewe ukamenye viazi na wenzako. Ukituma kwa M-Pesa tu, hata ukiwa hapo Kahawa bado uko Leicester. Na hicho chumba kiachie.

Wakili_wa_Kibaraza: Niulize la pembeni. Ulichukua uraia wa Uingereza? Mwaka gani?

Tangi_Tupu: 2009. Kwani?

Wakili_wa_Kibaraza: Basi hilo ndilo la haraka kuliko simu kunyamaza. Katiba ya zamani haikuruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hivyo ulipoapa kule, wa hapa ulikutoka. Katiba mpya ya Agosti 2010 haikukurudishia yenyewe. Ibara ya 14(5) inakupa haki ya kuupata tena, lakini ni lazima uombe. Kile kitambulisho cha zamani kwenye pochi hakikusaidii.

Tena una ploti. Ibara ya 65 inasema asiye raia hushika ardhi kwa kukodisha tu, si zaidi ya miaka 99. Angalia hati yako imeandikwaje, na usiuze wala kumwandikisha mtu kabla hujamaliza mambo ya uraia. Anzia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, halafu ofisi za uhamiaji Nyayo House. Na muhuri waliokugongea uwanja wa ndege una mwisho. Usome leo.

Tangi_Tupu: Jamani! Miaka yote hiyo nimelipia viza kuingia kwetu, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Kumbe hata kwa serikali mimi ni mgeni.

Baba_wa_Mlolongo: Mimi na Mama Pendo hatukubaliani kidogo. Chumba usikiachie kwa hasira wala kwa aibu. Jipe hadi Desemba, uone jinsi Desemba ilivyo ukiwa wewe ndiye mwenyeji wa kuchinja kuku. Na ukishapata kitambulisho jisajili SHA, bima mpya ya afya ya serikali, maana NHIF uliyoiacha ilizikwa Oktoba 2024.

Mama_Pendo_K: Hadi Desemba atakuwa amelipa pauni ngapi, Baba? Za bure!

Tangi_Tupu: Nimesoma muhuri. Zimebaki siku 19. Fomu nimeanza, kesho niko Nyayo House asubuhi na mapema. Chumba sijakiachia, Mama Pendo, usinichape.

Lakini leo nimegonga geti la kijani lililo mkabala na langu, nikiuliza fundi wa tangi. Nilikaa saa mbili. Yule mama hakuniomba hata shilingi. Aliposikia mimi ni nesi, aliniuliza kama naweza kumpima mamake presha. Nimeambiwa nirudi Jumanne, na mashine yangu.