Mada: Maji, sufuria na kisima. Malalamiko yanapelekwa kwa nani?

Kutoka: Mama Neema, Brooklyn Park

Hamjambo ndugu zangu. Nina mambo mawili. Kwanza, nimekwenda kutafuta kikaango kisichoshika chakula, nikaambiwa dukani kwamba vile vya zamani haviuzwi tena Minnesota. Hii ni sheria kweli au muuzaji anataka ninunue cha bei kubwa? Pili, mdogo wangu ni nesi Rochester, anataka kununua nyumba nje kidogo ya mji, na maji yake ni ya kisima. Shangazi anasema maji ya kisima ndiyo safi. Mimi sina hakika. Na kama kuna tatizo, tunamwandikia nani? Washington?

Kutoka: Baba Tumaini, St. Paul

Mama Neema, salamu. Washington waache kwanza. Haya yote mawili yanapita kwenye Bunge la jimbo, jengo lenye kuba jeupe hapa St. Paul, na ndilo jengo ambalo wengi wetu tunalipita kila siku tukienda kazini bila kujua ndani kunafanyika nini.

Kikaango: ni sheria kweli. Tangu tarehe 1 Januari 2025 ni marufuku kuuza Minnesota bidhaa za aina 11 zilizotiwa kemikali za PFAS kwa makusudi: vyombo vya kupikia, mazulia, vipodozi, sabuni za usafi, uzi wa meno, bidhaa za watoto, pedi za hedhi, makochi na kadhalika. Hizi ni kemikali ambazo haziozi. Zikiingia majini au mwilini zinakaa. Kilichopigwa marufuku ni kuuza. Ulichonacho jikoni hakuna atakayekuja kukunyang'anya. Kufikia 2032 marufuku itagusa karibu bidhaa zote zenye PFAS, isipokuwa zile ambazo jimbo litakubali kwamba haziwezi kutengenezwa vinginevyo.

Inaitwa Sheria ya Amara, na ni vizuri kujua kwa nini. Upande wa mashariki wa miji hii ya Minneapolis na St. Paul, yaani Oakdale, Lake Elmo, Woodbury na Cottage Grove, kampuni ya 3M ilitupa taka zake kwa miaka mingi na kemikali zikaingia kwenye maji ya ardhini. Jimbo liliishitaki, na mwaka 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 850. Amara Strande alisoma sekondari Oakdale. Akiwa bado kijana alipata saratani adimu ya ini, na akiwa mgonjwa hivyo alikwenda kukaa mbele ya kamati za Bunge na kusema. Alifariki Aprili 2023, akiwa na miaka 20, wiki chache kabla mswada haujapita.

Sasa hesabu ya siasa. Mwaka ule DFL, yaani Wademokrati wa hapa, walikuwa na gavana na mabaraza yote mawili, lakini Seneti waliishika kwa 34 dhidi ya 33. Angegoma seneta mmoja tu, huenda kikaango chako kingekuwa bado dukani. Watengenezaji wa vyombo walikwenda mahakamani mapema 2025 kutaka sheria isimamishwe, hakimu akakataa kuisimamisha.

Kwa hiyo muuzaji hakukudanganya, ingawa kwa bei sijui. Chuma cha kusubu kipo, kinapika ugali na chapati vizuri kuliko hivyo vingine.

Kutoka: Dada Rehema, Rochester

Mama Neema, hilo la kisima lichukulieni kwa uzito. Huku kusini-mashariki miamba ina mashimo na nyufa, kwa hiyo mbolea na samadi za mashambani zinashuka moja kwa moja hadi kwenye maji. Kaunti nane, na Olmsted yetu imo, zina tatizo la naitreti, kemikali inayotoka kwenye mbolea hiyo. Novemba 2023 shirika la mazingira la serikali kuu liliiandikia Minnesota kutaka ichukue hatua kwa sababu ya visima hivyo.

Kiwango cha juu kinachokubalika ni miligramu 10 kwa lita. Kikizidi, hatari kubwa ni kwa mtoto mchanga anayechanganyiwa maziwa ya unga, kwa sababu damu yake inashindwa kubeba oksijeni. Na tafadhali mwambieni shangazi: KUCHEMSHA HAKUSAIDII. Maji yanapungua, naitreti inabaki, mnaishia kuiongeza. Sisi tuliolelewa na sufuria ya maji ya kuchemsha jikoni tunaona kuchemsha ni dawa ya kila kitu.

Sheria ya jimbo inamtaka muuzaji wa nyumba aseme kisima kiko wapi na kama kinatumika. Haimlazimishi kupima maji. Kwa hiyo mdogo wako aandike kipimo kwenye masharti ya kununua, kabla hajatia sahihi. Kaunti itamwelekeza maabara.

Kutoka: Mjomba wa Duluth

Mnawasifu sana hao wabunge. Huku kaskazini watu wanaishi kwa migodi. Kila mwaka inazungumzwa miswada ya kuzuia mgodi wa shaba mpaka kampuni ionyeshe mgodi kama huo uliokwisha kufungwa bila kuchafua maji. Mtu wa mjini akisikia anapiga makofi. Mwanangu akitafuta kazi ataipata wapi?

Kutoka: Baba Tumaini, St. Paul

Mjomba, shikamoo. Huo mswada hapa haujapita, na sababu ni kwamba wabunge wa kwenu wanaupinga kwa sauti kubwa. Wisconsin walikuwa na sheria ya namna hiyo tangu 1998, wakaja kuifuta 2017. Kwa hiyo Bunge linasikia, ila linamsikia aliyefika. Na kwenye msitu ule wa maziwa wa Boundary Waters, huko kwenu kaskazini, nakubali Washington ina neno kubwa, maana ardhi ni ya shirikisho.

Kuna aliyeniandikia pembeni akiuliza kama asiye raia anaruhusiwa kufika. Ndiyo. Kutoa maoni mbele ya kamati hakuhitaji uraia. Unaingia tovuti ya Bunge, unaandika anwani yako, unaonyeshwa mwakilishi wako na seneta wako WA JIMBO (wengi wetu tunataja wale wa Washington). Unatafuta kamati ya mazingira na maliasili, unamwandikia mfanyakazi wa kamati kabla ya siku ya kikao, unaomba nafasi. Utapewa dakika mbili au tatu. Huwezi kufika kwa sababu ya shifti, peleka barua, itawekwa kwenye kumbukumbu. Ila kusema ni kitu kimoja na kupiga kura ni kingine: kama bado hujawa raia, usijaze fomu ya mpiga kura hata mtu akikuwekea mkononi. Makaratasi yako yataharibika.

Fanyeni mapema. Bunge linakaa kuanzia Januari au Februari na katiba inalifunga Mei, lakini mwezi Machi au Aprili miswada isiyopita kamatini kwa kawaida imeshakwama. Na tangu uchaguzi wa 2024 ulete sare ya 67 kwa 67 katika Baraza la Wawakilishi, hakuna mswada unaotoka bila pande zote mbili. Msiandikie wale mnaowapenda tu.

Kutoka: Mama Neema, Brooklyn Park

Asanteni sana. Huku kwetu, eneo la uchaguzi 38A, mwakilishi wa jimbo ni Huldah Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, kwa hiyo barua hata nikichanganya Kiswahili atanielewa, haha.

Swali la mwisho: nyumba yetu ya zamani St. Paul, ambayo sasa anakaa shemeji, bomba la maji linaloingia ni la risasi, ile metali yenye sumu. Atalipa yeye?

Kutoka: Dada Rehema, Rochester

Asilipe! Mwaka 2023 Bunge lilitenga dola milioni 240 kubadilisha mabomba ya risasi jimbo zima, lengo likiwa kumaliza 2033, na mwenye nyumba halipi hata sehemu iliyo ndani ya kiwanja chake. Apige simu idara ya maji ya St. Paul aulize mtaa wake uko kwenye ratiba ya mwaka gani. Kama ni mpangaji, barua ya ruhusa lazima aisaini mwenye nyumba, na hapo ndipo kazi hukwama. Kwa sasa afungulie maji yatiririke kidogo asubuhi, na ya kunywa achukue ya bomba la baridi.

Kutoka: Mama Neema, Brooklyn Park

Mwenye nyumba ni mume wangu. Atasaini leo.